Tisa Kushuka Hadi Moja: Viungo Tunavyovisingizia Kila Siku

Asubuhi ya siku ya soko, benchi la kituo cha afya pale Bulambika, Bunyakiri, limejaa akina mama, watoto na wazee wenye fimbo. Muuguzi anamgeukia wa kwanza.

"Mama, iko nakuluma wapi?"

"Mu tumbo, docta."

"Mu tumbo wapi?"

"Yote."

Hiyo "yote" imewatoa jasho waganga wengi kuliko joto la Hombo. Ndani ya tumbo "lote" kuna ini, mfuko wa nyongo, kongosho, wengu, figo mbili, utumbo wa mita kadhaa, kibofu, na kwa mama kuna kizazi na mirija yake. Washukiwa wote hao, na shahidi mmoja tu. Muuguzi amkamate yupi?

Bunyakiri iko katika teritware ya Kalehe, kilomita 80 hivi kutoka Bukavu kwa njia ya Miti, barabara inayokatiza msitu wa Kahuzi-Biega. Ukiandikiwa barua ya kupelekwa mjini, utapakiwa na maneno yako. Kilichoandikwa Bulambika kama "maumivu ya tumbo" kitafika Bukavu kikiwa bado "maumivu ya tumbo", isipokuwa wewe mgonjwa uwe na la kuongeza. Ndiyo sababu ya orodha hii. Ni viungo tisa ambavyo tunavisingizia, tunavichanganya au tunavionea aibu, na tunahesabu kurudi nyuma. Kipimo changu cha kuvipanga ni kimoja: gharama tunayolipa tusipojua kiko wapi na kinafanya nini. Anayebisha mpangilio aje na wake, nafasi ya mabishano ipo.

Kwanza sheria za mchezo. Anatomia huuliza kiungo kiko wapi na kimeumbwaje. Fiziolojia huuliza kinafanya kazi gani. Na ili watu wote wa dunia waelewane, mwili husomwa ukiwa umesimama wima, uso mbele, viganja vikitazama mbele. Kulia ni kulia kwa mwenye mwili, daima. Muuguzi akikaa mbele yako, mkono wake wa kushoto ndio unaoelekea ini lako, nalo linabaki kuwa la kulia. Msicheke. Huko Wales, mwaka 2000, mgonjwa alitolewa figo nzima akaachiwa mbovu kwa sababu watu waliosoma miaka mingi walichanganya kulia na kushoto.

9. Shingo

Mama wa Kivu hubeba mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Makala, kuni, mihogo, bidoni la mawese, na wakati mwingine mtoto anapata nafasi mbele. Uzito wote huo unapokelewa na pingili saba za shingo. Twiga naye ana saba, zake ni ndefu tu, ila twiga hajawahi kutumwa sokoni na gunia la makala.

Chini ya hizo saba zinafuata kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, tano zilizoungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na mwisho kabisa kifandugu, kile kinachotukumbusha kuwa kipo siku tunapoteleza kwenye tope. Ndani ya mfereji wa pingili hizo unapita uti wenyewe, laini, wenye neva zinazotoka pande zote mbili kwenda mikononi na miguuni. Kwa hiyo unaposema "mugongo iko naniluma", ongeza mawili: ni shingoni, katikati ya mabega au kiunoni? Na je, kuna ganzi mkononi au mguuni? Ganzi ni habari nzito. Inamwambia muuguzi kwamba huenda neva imebanwa, na kwamba dawa ya kuchua peke yake haitoshi.

8. Makalio

Tunayakalia siku nzima na bado hatuyaheshimu. Hapa ndipo ulipo msuli mkubwa kuliko yote ya mwili. Bila huo hupandi kilima, huinuki kitini, na ngoma ya harusi ingechezwa na mikono tu.

Lakini chini ya msuli huo inapita neva ya siatiki, nene kuliko neva zote, inayoshuka hadi unyayoni. Ndiyo maana sindano haichomwi popote anapoona aliyeshika bomba. Ligawe kila tako mafungu manne, kisha chagua robo ya juu, upande wa nje. Hapo neva haipo. Kwa miaka mingi madaktari wa Afrika wameandika habari za watoto waliobaki wakiburuza mguu baada ya sindano ya kwinini kuchomwa karibu na siatiki. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali, na inaweza kupitia kwenye vena, na chanjo nyingi za watoto wachanga nazo huchomwa pajani. Bado wapo wachomaji wa uchochoroni. Mzazi anayesema kwa sauti "robo ya juu, upande wa nje" amemlindia mtoto wake mguu, na mwenye kuudhika na audhike.

7. Jicho la usiku

Nina habari njema kwa watu wa michikichi. Mawese mekundu ya Bunyakiri, yale yanayoacha doa kwenye shati na ugomvi kwa mwenye kufua, yamejaa karoteni. Mwili huigeuza karoteni kuwa vitamini A, ini huiweka akibani, na retina, utando ulio nyuma kabisa ndani ya jicho, huitumia kutengeneza rodopsini, rangi inayonasa mwanga hafifu.

Retina ina vijiti milioni 120 hivi vya kuonea gizani na koni milioni sita tu za kuonea rangi. Vitamini A ikipungua, vijiti hugoma kwanza. Mtoto anayeona vizuri mchana lakini jioni anajigonga mlangoni si mzembe, wala hajarogwa na jirani. Anahitaji kupelekwa kituoni. Na mpishi anayechoma mawese kwenye sufuria hadi yawe meupe amekwisha kuipeleka karoteni mbinguni pamoja na moshi.

6. Mapafu

Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, kwa sababu moyo uliomba nafasi ukapewa. Chini yake kuna kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Ukishuka, hewa inaingia. Ukilegea, hewa inatoka. Ukishtuka bila taarifa, unapata kwikwi mbele ya wakwe.

Basi, utani uishie hapo, maana kwenye mapafu ya watoto sina moyo wa utani. Nimonia hujaza vifuko vidogo vya hewa maji na usaha, na mtoto hulazimika kupumua harakaharaka ili apate kile alichokuwa akipata kwa pumzi chache. Haraka hiyo inahesabika nyumbani. Inua nguo ya mtoto akiwa ametulia, tazama tumbo na kifua, hesabu pumzi kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Mtoto wa chini ya miezi miwili: pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hadi kumi na moja: 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano: 40 au zaidi. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, usimalize kuhesabu. Mbebe muende.

Hii "kifua imebana" tunayoisema kila msimu wa mvua ni maneno mazuri, ila namba ni nzuri zaidi. Mama akifika kituoni akasema "nimehesabu 56, ana miezi minane", hakuna muuguzi atakayemwambia asubiri zamu yake.

5. Dundumio

Mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, kuna tezi ya gramu 20 hivi inayoitwa dundumio. Ni ndogo na haina makelele, lakini inaamuru mwendo wa mwili mzima: moyo upige kwa kasi gani, joto liwe kiasi gani, ubongo wa mtoto aliye tumboni ukue namna gani. Homoni zake hujengwa kwa iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250, kiasi ambacho hata sisimizi asingejisumbua kukibeba. Iodini ikikosekana, dundumio hujitanua ili inase hata ile kidogo inayopita kwenye damu. Hilo ndilo rovu. Kabla hujamsingizia mtu kuwa amerusha uchawi shingoni mwako, kunywa maji mbele ya kioo: uvimbe ukipanda unapomeza, dundumio imejitaja yenyewe.

Na hapa Kivu yetu ina sura yake katika historia ya tiba. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti ya IRSAC, na makao yake yakajengwa Lwiro, upande wa pili wa Kahuzi. Katika miaka ya 1960 watafiti kina Delange, Thilly na Ermans walivuka Ziwa Kivu kwenda kisiwa cha Idjwi wakakuta kitendawili. Iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini, na kusini-magharibi halikuwa jambo kubwa. Ukosefu ni mmoja, shingo ni tofauti! Uchunguzi ukawapeleka jikoni, kwenye mihogo. Mihogo michungu ina kitu kinachotoa sianidi. Mwili hujitetea kwa kuigeuza sianidi kuwa thiosianeti, na thiosianeti nayo hugombania mlango uleule ambao iodini hupitia kuingia kwenye dundumio. Kwa mtu mwenye iodini ya kutosha ugomvi huo haumfanyi lolote. Kwa mwenye iodini haba, mlango unafungwa.

Nisieleweke vibaya na watu wa bugali. Mihogo imelilisha eneo hili wakati wa amani na wakati wa kukimbilia porini, na mtu akiitukana mbele yangu tutakosana. Mihogo iloweshwe siku zake zote, ianikwe ikauke sawasawa, sombe litwangwe na lichemshwe sana, na chumvi iwe yenye iodini. Bugali hauna kosa, kosa ni haraka.

4. Wengu

Ini limependelewa. Limepewa misemo, tunakatwa maini, tunasikia hadi kwenye maini. Wengu, ambao wengine huuita bandama, haujapewa hata wimbo. Wakati huohuo, mwilini mwa mtoto wa Bunyakiri hakuna kiungo kinachofanya kazi ya usiku na mchana kama huo.

Uko upande wa kushoto, juu, umejificha nyuma ya mbavu ya tisa hadi ya kumi na moja, uzito wake gramu 150 hivi. Kazi yake ni kukagua damu. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, zikichakaa wengu huziondoa na kurudisha madini ya chuma kazini. Vimelea vya malaria hujificha ndani ya seli hizohizo nyekundu. Wengu huzikamata, huzivunja, huitisha askari zaidi wa kinga, na kwa kazi hiyo huvimba. Malaria ikirudi mwezi baada ya mwezi, uvimbe huteremka kutoka mbavuni, na kwa watoto wengine hufika kitovuni. Congo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria, kwa hiyo tuna wengu nyingi zilizochoka.

Tangu 1848, daktari mmoja wa jeshi la Waingereza kule India, Dempster, alitambua kuwa ukitaka kujua malaria imekaa kijiji gani, huna haja ya mashine. Pitisha mkono chini ya mbavu za kushoto za watoto, hesabu wangapi wengu wao unashikika. Njia hiyo ilitumika kupima malaria kwa zaidi ya miaka mia.

Sasa maombi mawili. Ukisikia ugumu upande wa kushoto chini ya mbavu za mtoto, usiseme "ini imevimba". Ini liko ng'ambo ya pili. Sema kushoto, juu. La pili ni kwa wazazi, walimu na vijana wa mpira: wengu uliovimba hupasuka kwa pigo ambalo mtu mzima angelicheka, na damu humwagika tumboni bila kuonekana nje. Mtoto aliyepigwa au kuanguka, kisha akawa mweupe viganjani na akalalamika maumivu ya kushoto, huyo ni wa hospitali kabla hujaanza kutafuta nani ana kosa.

3. Mshipa

Mshipa ni kiungo kisichokuwepo, na ndicho kinachouma kuliko vyote. "Mushipa imenipanda." "Mushipa imejivuta." "Mushipa imesimama ku shingo." Naliheshimu neno hili, limetutumikia muda mrefu, lakini tumelitwika mzigo wa watu watano, basi tuligawe.

Ateri hutoa damu moyoni kuipeleka mwilini. Ina nguvu na inadunda: weka vidole kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, huyo ndiye. Vena hurudisha damu moyoni. Haidundi, na ndani yake kuna vilango vinavyozuia damu kurudi chini. Vilango vikilegea, vena za miguu huvimba na kujipinda, hasa kwa wanaosimama kutwa sokoni. Neva haibebi damu hata tone. Hubeba taarifa, na zile za haraka zaidi hukimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde, mwendo ambao hakuna pikipiki ya barabara ya Miti itakayouona. Kano hufunga msuli kwenye mfupa, na ile nene zaidi iko juu ya kisigino chako.

Watu walioandika vitabu nao walitatizika karne nyingi. Galeni, mganga wa zamani za Warumi, alifundisha kuwa damu hutengenezwa kwenye ini na kuishia mwilini inapotumika. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, aliyekuwa tabibu Cairo, aliandika kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni na kurudi upande wa kushoto. Mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza akaonyesha mzunguko mzima, akitumia, pamoja na mambo mengine, vilango vilevile vya vena za mkono. Miaka elfu moja na zaidi ilipita kabla ateri na vena hazijapatana hadharani. Hakuna aibu ukihitaji wiki moja kuzizoea.

Huyo wa tano ndiye mbaya. Wanaume wengi wanaposema "mshipa" kwa sauti ya chini wakitazama ukutani, wanamaanisha ngiri, utumbo uliopenya kwenye ukuta wa tumbo na kushukia kinenani. Uvimbe unaotokea ukikohoa na kurudi ukilala una nafasi ya kusubiri upasuaji wa mpango. Uvimbe uliokuwa ukirudi, kisha siku moja ukagoma kurudi, ukawa mgumu, unauma, nawe unatapika: utumbo umenyongwa, unakosa damu, na saa zinahesabika. Papa, siku hiyo usiseme mshipa. Sema: "Kitu kilikuwa kinarudi, leo hakirudi." Sentensi hiyo inafungua mlango wa chumba cha upasuaji.

2. Moyo

Kila lawama inaishia hapa. Ametuvunja moyo, ametutia moyo, moyo umekufa ganzi. Kwa Kiswahili cha Kivu tunauita roho kabisa, "roho iko nanipiga mbiombio", na maskini wenyewe hauna muda wa kujibu, kwa sababu unapiga mara 100,000 hivi kwa siku na kusukuma karibu lita tano za damu kila dakika, hata ukiwa umelala.

Uko katikati ya kifua, ncha yake imeelekea kushoto. Una vyumba vinne. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka na kuipeleka mapafuni, upande wa kushoto unapokea iliyojaa oksijeni na kuisukuma mwilini kote. Wa kushoto una ukuta mnene kwa sababu safari yake ni ndefu.

Ile inayowaka chini ya kifua baada ya sombe lenye pilipili na bilauri ya kasiksi siyo moyo. Hapo kwenye chembe cha moyo, panapobonyea chini ya mfupa wa kidari, wenyeji ni tumbo la chakula na umio. Asidi imepanda mahali isipotakiwa, hicho ni kiungulia. Moyo ukiumwa kweli husema kwa namna nyingine: uzito unaobana kifua, unaopanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho baridi, pumzi kukata. Huo usiupe majani ya kutafuna, upe usafiri. Na usipojua ni kipi kati ya hivyo viwili, chukulia kuwa ni moyo hadi mganga aseme vinginevyo.

Halafu kuna tansio, yaani presha. Muuguzi anataja namba mbili na wewe unarudi nyumbani na moja. Namba ya juu ni msukumo wa damu wakati moyo unajikaza, ya chini ni wakati unajilegeza. Karibu na 120 kwa 80 ni salama. Ikirudi mara kwa mara 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu, hata kama kichwa hakiumi na unacheza mpira. Presha mara nyingi haisikiki kabisa. Andika namba zote mbili nyuma ya daftari la mtoto, kwa wino.

1. Tumbo

Tumefika kwa bwana mkubwa. Chora kwa kidole mistari miwili inayokatana kitovuni, mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala. Sasa una robo nne. Kulia juu: ini na mfuko wa nyongo. Kushoto juu: tumbo la chakula na wengu. Kulia chini: kidole tumbo. Kushoto chini: mwisho wa utumbo mpana. Katikati chini: kibofu, na kwa mama kizazi nyuma yake. Figo hazimo mbele, ziko nyuma, kando ya uti wa mgongo, chini ya mbavu za mwisho. Kazi imekwisha, sasa unazungumza lugha moja na wapasuaji wa dunia nzima.

Hapo nimtetee kidogo mama wa "yote". Neva za utumbo hazina ustadi wa kuonyesha mahali. Zinaripoti maumivu kwa ujumla, katikati, karibu na kitovu. Kidole tumbo kikianza kuvimba, mgonjwa husema kitovu na anasema kweli. Saa kadhaa baadaye uvimbe hugusa utando unaolalia ukuta wa tumbo, ambao neva zake zinajua kuonyesha kwa kidole, na maumivu yanahamia kulia chini. Daktari wa Marekani, McBurney, alieleza mahali hapo barabara mwaka 1889, ingawa Claudius Amyand alikwisha kutoa kidole tumbo kwa upasuaji London mwaka 1735. Kwa hiyo safari ya maumivu ina thamani kuliko kituo. "Yalianza kitovuni usiku, sasa yamehamia kulia chini" yatosha kumwamsha mpasuaji.

Mwanamke mwenye umri wa kuzaa aongeze jambo moja bila kuulizwa: hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Maumivu ya upande mmoja chini ya tumbo, hedhi iliyochelewa, na kizunguzungu vikikutana, huenda mimba imetunga kwenye mrija wa uzazi, nje ya kizazi. Mrija hauna nafasi ya kulea mtoto. Unapasuka.

Na sasa tuzungumze pale ambapo sauti zetu huwa ndogo. Tumejifunza kusema "huku chini" na kutazama pembeni. Uke ni njia. Mlango wa kizazi uko mwisho wa njia hiyo. Kizazi ni msuli mnene uliokaa kati ya kibofu mbele na njia ya haja kubwa nyuma. Viungo hivyo vinapakana ukuta kwa ukuta, na ujirani huo ndio chanzo cha mateso makubwa. Uchungu ukichukua siku mbili, kichwa cha mtoto kimekwama kwenye nyonga, kinabana ukuta wa kibofu kwenye mfupa. Damu haipiti, nyama inakufa, na siku chache baada ya kujifungua tundu linafunguka kati ya kibofu na uke. Mkojo unashuka bila ruhusa, usiku na mchana. Hiyo ni fistula. Haitokani na laana, uzinzi wala uchafu. Inatokana na saa nyingi mno mbali na chumba cha upasuaji.

Fistula hutokea pia kwa ukatili. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Dk. Denis Mukwege kule Bukavu mwaka 1999, ilikusudiwa akina mama wajifungue salama. Vita vikaijaza wanawake na wasichana walioumizwa kwa makusudi katika viungo hivyohivyo tunavyoona haya kuvitaja. Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, alivitaja mbele ya dunia, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Wazee walikwisha kusema, mficha uchi hazai. Mtu wa Kivu amesimama mbele ya wafalme akavitaja viungo hivyo bila kuinamisha kichwa, basi nasi tunaweza kuvitaja mbele ya muuguzi mmoja, mlango ukiwa umefungwa.

Mama aliyejifungua kwa taabu akiona nguo inalowa bila yeye kwenda chooni, asisubiri arobaini. Aende wiki hiyohiyo, na aseme hivi: "Mkojo unatoka kupitia njia ya uzazi, siwezi kuuzuia, ulianza siku kadhaa baada ya kujifungua." Tundu dogo likigunduliwa likiwa bichi, muuguzi anaweza kuweka mrija wa mkojo kibofuni na kuuacha wiki kadhaa, kibofu kikae kikavu na kupumzika, na ukuta ukaziba wenyewe bila kisu. Likikaa miezi, kingo zake zinakuwa kovu, na hapo itabidi barabara ya Miti, Bukavu, na kitanda cha upasuaji.